Ngazi Yenye Sabuni

Ngazi ilikuwa imelazwa nyuma ya kituo cha polisi cha Shinyanga, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji, na Sajenti Nyamizi alikuwa amepiga magoti mbele yake kama mama anayechambua mchele wa wageni.

Ngazi hiyo ilikuwa imeua mtu. Siku kumi na mbili zilizopita, kwenye duara moja la wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Geita, mchimbaji aliyeitwa Herman aliikanyaga mdomoni mwa shimo ili ashuke. Kipandio cha tatu kikang'oka ncha zote mbili, naye akaenda chini futi arobaini. Msimamizi wa duara, mtu mmoja aitwaye Donatus, aliwaandikishia polisi kwamba ngazi aliinunua mjini Shinyanga kwa Mayala, seremala wa Ngokolo, na akawaonyesha herufi M iliyochomwa kwa moto ubavuni mwa ubao. Wale wa Geita wakaipakia ngazi kwenye lori wakaileta.

Na hapo ndipo Nyamizi alipofanya jambo lililokuwa limemkaa kooni siku nne sasa, haliendi mbele wala halirudi. Aliziangalia ncha za vipandio, akaona yale matundu ya mshazari, akasema mbele ya watu wote, tena kwa sauti ya mtu anayejua: "Haya nayafahamu. Kabati langu la vyombo lina matundu haya haya. Mjini hapa hakuna anayetoboa hivi ila Mayala." Akapewa pingu, akaambiwa akamlete. Akamkuta anapiga randa. Mayala alimwamkia, akafuta mikono kwa tambara, akauliza kama angeruhusiwa kufunika mbao zake jua lisizipinde. Kisha akatoa mikono.

"Sajenti, unaisomea dua?"

Ilikuwa sauti ya Inspekta Theonest, mtu wa Bukoba asiyekosa kalamu mbili mfukoni.

"Naisoma, afande."

"Mimi nimeshaisoma nikaimaliza. Ina matundu ya Mayala, ina herufi ya Mayala, na ina marehemu. Jumatatu gari la Geita linakuja kumchukua."

"Leo ni Jumamosi, afande."

"Ndiyo maana nikasema Jumatatu. Ninyi Wasukuma mnalindana sana."

"Mimi ni Mnyamwezi. Msukuma ni mtani wangu, afande, ningemfunga nikicheka. Ila nimfunge kwa kosa lake." Nyamizi akainuka, akakung'uta magoti. "Mayala anasema hajawahi kutengeneza ngazi kwa kile kifaa chake cha kutobolea mshazari. Na hakuna fundi mwenye akili anayetundika mtu shimoni kwa skrubu tupu."

"Labda alikuwa na haraka."

"Mayala? Kabati langu lilichukua miezi mitano."

Theonest alitaka kucheka, akajizuia. "Basi niletee mtu mwingine mwenye kifaa kile. Ukimkosa hadi kesho jioni, faili linafungwa. Akishafika Geita ni wa Geita, mimi wala wewe hatuna neno tena."

Nyamizi alirudi kwenye ngazi na daftari lake. Mbao mbili ndefu za mninga, futi sita kila moja. Vipandio sita, kila kimoja futi tatu na nusu, upana wa ajabu kwa ngazi. Upande wa ndani wa kila ubao mrefu kulikuwa na mstari mweupe usioshika uchafu, umepita urefu wote wa ubao, na ndani ya mstari matundu ya misumari iliyong'olewa. Akaandika yote bila kujua yana maana gani. Halafu akachukua bisibisi, akafungua kipandio kimoja kizima, akakifunga ndani ya khanga kama mtu anayebeba muwa, akatoka.

Duka la vifaa vya ujenzi la Riyaz lilikuwa na baridi na harufu ya rangi. Riyaz alikuwa juu ya kingazi anapanga bawaba, na mkewe Gulnaz alikuwa kwenye kaunta.

"Karibu, Mama Vumilia. Umekuja kwa amani au kwa serikali?" aliuliza Gulnaz, akimwita Nyamizi kwa jina la mwanawe.

"Leo kwa serikali, mama. Nataka habari za kielekezi cha Mayala."

Kielekezi ndilo jina ambalo Mayala mwenyewe alikipa kile kifaa. Ni kipande cha chuma chenye njia mbili zilizoinama. Fundi anakibana kwenye ubao, anaingiza biti ya keekee, na tundu linatoka limelala, pana mdomoni, jembamba mwishoni. Skrubu ikipita humo inavuta mbao mbili zikashikana, na kwa mbele mtu haoni kitu. Hakuna kuchonga ulimi, hakuna kungoja gundi ikauke.

"Kaka yangu aliniletea kutoka Kanada," alisema Riyaz, akishuka. "Miaka mitatu sasa. Mayala alikipenda kama mtu aliyeona mchumba. Kila mara anakuja kununua skrubu, ananieleza upya kinavyofanya kazi, kana kwamba si mimi niliyemwuzia."

"Kaka yako alileta kimoja tu?"

Riyaz akatazama bawaba zake. "Viwili."

Nyamizi akachomoa kalamu. "Na cha pili?"

"Hicho... hicho nilimwuzia mtu wa Chato. Fundi wa mitumbwi. Jina limenitoka."

Nyamizi alikuwa ameshafungua daftari na kuandika neno Chato. Kwa basi ni safari ya siku nzima, na kesho jioni ilikuwa karibu. Lakini kielekezi cha pili kilimaanisha mkono wa pili, na mkono wa pili ndio uliotakiwa.

"Chato gani?" Gulnaz alidakia. "Mama Vumilia, futa hilo. Kiko uvunguni mwetu, ndani ya boksi lake, hata nailoni hakijavuliwa. Nilimwambia hakiuziki, akaniambia kimeuzika, ili nisimcheke. Miaka mitatu nakifagia nikikipita!"

"Gulnaz!"

"Unataka polisi waende hadi ziwani kutafuta uongo wako?"

Wakakileta. Boksi lilikuwa na vumbi la miaka mitatu na mkanda wake wa gundi haujaguswa. Nyamizi alilifuta neno Chato kwa mstari mmoja, polepole. Safari yake ilikuwa imeishia uvunguni mwa kitanda cha watu.

Akakiweka kile kipandio kaunta, afunge khanga aondoke. Gulnaz akakivuta kwake.

"Hiki nacho umekijaza nini?"

"Ni udongo wa shimo. Kimetoka Geita."

"Udongo wa wapi wenye harufu hii?" Gulnaz alichomoa kibanio nywelani, akachokoa mdomo wa tundu. Kitu kikavu cha rangi ya bluu iliyofifia kikatoka kikimeguka. Akakinusa, akampa Nyamizi naye anuse. "Sabuni. Sabuni ya mche, ya kufulia."

Riyaz akasema labda seremala aliitia ili skrubu iteleze.

"Skrubu inapakwa sabuni, tundu halizibwi," alisema Nyamizi. Alichukua kile kibanio akachokoa zaidi. Nyuma ya sabuni, kwenye kona ya ndani kabisa, yalitoka maganda mepesi, ya kahawia, membamba kama pumba. Wanawake wawili wakayatazama, kisha wakatazamana. Hakuna mwenye nyumba asiyeyajua.

"Kunguni," alisema Gulnaz. "Mama Vumilia, huko shimoni kunguni wanamng'ata nani?"

Nyamizi alikuwa ameshakifunga kipandio na yuko mlangoni.

Mayala alitolewa mahabusu akakalishwa kwenye benchi. Ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe, na mikono yake, isiyozoea kukaa bure, ilikuwa inasugua ukingo wa benchi ikitafuta mahali palipokwaruza.

"Hujambo, Mama Vumilia? Kabati linafunga vizuri?"

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. "Linafunga," alisema Nyamizi. "Mayala, ulipoulizwa juu ya ngazi, ulionyeshwa ngazi yenyewe?"

"Nilionyeshwa herufi tu. Nikasema herufi ni yangu, ngazi si yangu. Wakasema ninaruka maneno."

Akamwekea kipandio magotini. Mayala alikigeuza mara moja tu. Akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa tundu, akaona sabuni, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe akatabasamu kidogo.

"Hawa wanawake! Kila mwenye samani yangu ananilaumu kwa matundu haya. Wanasema nimewajengea kunguni nyumba za bure. Ningeyaziba yote kwa vizibo vya mti, ila nilikuwa naona uvivu, upande wenyewe wa chini hauonekani na mtu..."

"Upande wa chini wa nini?"

Mayala alikuwa anakitazama kile kipande kwa namna nyingine sasa.

"Kitendawili," alisema Nyamizi taratibu.

"Mama Vumilia, hapa?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nikilala nabeba wawili, nikisimama hata mmoja simwezi."

Askari wa zamu aliyekuwa akiandika kitabuni aliinua uso, naye akawa anatafuta jibu. Mayala hakuomba mji.

"Kitanda," alisema.

"Ubavuni kwa ndani kuna mstari mweupe, na matundu ya misumari."

"Ndipo palipokaa ubao wa kuegemea. Naupigilia urefu wote, mbao za kukatiza zinalala juu yake." Akaeleza kwa mikono, mkono mmoja ukiwa ubavu na mwingine ubao wa kukatiza. "Uzito wa watu unabebwa na ule ubao wa chini. Skrubu zangu kazi yake ni kushika tu, zisiache mbao zihame. Mtu aking'oa kichwa na miguu ya kitanda, aking'oa na ule ubao wa kuegemea, akakisimamisha..." Mikono ikaanguka mapajani. "Kinafanana na ngazi kabisa. Mungu wangu. Mtu asiyejua ataona ngazi."

"Herufi yako?"

"Naichoma ubavuni, kwenye kila kitanda."

"Umetengeneza vingapi vya mninga, futi tatu na nusu kwa sita, vyenye mbao sita za kukatiza?"

"Mbao sita?" Hakufikiri hata kidogo. "Vyangu vyote vina nne. Chenye sita ni kimoja tu. Mwenyewe alitaka sita, akasema mumewe ni mtu mzito, anajirusha kitandani kama gunia. Nikamcheka. Alikuwa akija kila siku ya gulio kukiangalia, anakaa pale kwenye maranda, ananiimbia nisilale. Binti mmoja wa Samuye. Melania."

Nyamizi alikuwa ameanza kuandika jina. Kalamu ilisimama kwenye herufi ya tatu. Jina hilo lilikuwa tayari kwenye faili, ukurasa wa kwanza, mstari wa nne, mahali panapoandikwa mjane wa marehemu.

Jumapili asubuhi aliingia Samuye kwa Land Rover ya kituo. Melania alikuwa kwa wazazi wake, kichwa kimenyolewa, ameketi mkekani ukumbini, anapukuchua mahindi. Alikuwa na umri sawa na binti wa Nyamizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Nimeshapoa. Mmempata aliyetengeneza ngazi?"

"Nimekuja kwa hilo." Nyamizi alikaa mkekani, akakunja miguu, akachukua hindi moja akaanza kupukuchua naye. "Melania, kitanda chako kiko wapi?"

Mikono ya Melania ikaendelea, ila punje zikaanza kuanguka nje ya ungo. "Kitanda? Kililiwa na mchwa."

"Mninga hauliwi na mchwa, mwanangu."

Kuku alikuja akadonoa zile punje, na hakuna aliyemfukuza.

"Nilikiuza," alisema Melania. "Mwezi wa tano. Kwa magunia mawili ya mahindi. Haya haya."

"Ulimwuzia nani?"

"Alikuja mtu na pikapu, anatafuta vitanda na milango ya kambini kwao. Donatus. Msimamizi wa akina Herman." Aliweka hindi chini. "Mama, nilikuwa na hasira. Herman alikuwa na miezi saba haji. Donatus akaniambia mume wangu ameshapata mwanamke kambini, mpishi, amejengewa na kibanda. Akasema, wewe unamlindia kitanda cha nini? Nikaona ni kweli. Nikamwambia beba, ila usimwambie Herman umekitoa wapi. Nilitaka aje siku moja akute chumba kitupu, aone kinavyouma."

Nyamizi aliandika. Alipofika kwenye neno mpishi aliacha kuandika. Alikuwa amesoma maelezo ya wachimbaji sita, mara tatu tatu. Yalikuwa na shimo, na kamba, na Herman anayelala peke yake kwenye kibanda cha kulindia mawe, na Herman aliyeomba ruhusa ya kurudi nyumbani kuvuna pamba akanyimwa. Hayakuwa na mpishi.

"Alikuwa naye kweli, mama? Huyo mwanamke?"

Katika kazi yake Nyamizi alikuwa amejifunza kuuliza. Kujibu hakufundishwa na mtu.

"Watu sita wameandikisha maelezo. Hakuna aliyemtaja."

Melania aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia. Akaokota punje moja iliyoanguka akairudisha kwenye ungo.

Karatasi ilikuwa imejaa. Ilibaki alama ya kidole gumba tu, na kwa kidole hicho Donatus angeonekana mwongo na Mayala angelala kwake. Nyamizi angeweza kusema weka hapa, na binti angeweka, na angekuwa Shinyanga kabla ya adhuhuri. Siku nne zilizopita alikuwa amesema neno haraka mbele ya watu, na mzee mmoja akaomba afunike mbao zake. Akaifunika kalamu.

"Melania, sitakuruhusu utie kidole kabla hujajua karatasi hii inaenda kufanya nini. Sikiliza hadi mwisho."

Akamweleza. Hakupamba wala hakukata. Akamweleza habari za ubao wa kuegemea na mstari mweupe, na sabuni ndani ya matundu. Kwenye sabuni Melania aliinua mkono mdomoni, kwa maana hiyo aliijua mwenyewe. Aliitia kwa kisu, usiku wa kwanza kunguni walipowafukuza kitandani wakalala chini wakicheka. Nyamizi alieleza hadi kwenye kipandio cha tatu, akaishia hapo.

Ndani ya nyumba mtu alikohoa, akaweka sufuria chini.

"Nisipotia kidole?" Melania aliuliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Kesho Mayala anapelekwa Geita."

"Yule mzee wa maranda."

"Huyo."

"Na nikitia, itaandikwa kwamba ni mimi."

"Itaandikwa uliuza kitanda. Kuuza kitanda si kosa. Habari za hasira naweza kuziacha, mwanangu, mahakama haizihitaji."

"Usiziache." Alisema hivyo upesi, karibu kwa ukali. "Andika zote. Nisomee."

Nyamizi akasoma, polepole, kwa sauti ya chini watu wa ndani wasisikie. Mimi Melania, mkulima, wa Samuye. Akasoma juu ya pikapu, na magunia, na mpishi. "'Ndipo kwa hasira nikamwuzia Donatus kitanda changu...'"

"Hapo umekosea."

"Wapi?"

"Si changu. Andika kitanda chetu."

Nyamizi akakata neno kwa mstari mmoja, akaandika lingine juu yake. Akamweleza kwamba kwa utaratibu wao, kila palipokatwa mwenye maelezo lazima atie alama pembeni, ijulikane kuwa ni yeye aliyesahihisha. Akafungua kibati cha wino. Melania akafuta vumbi la mahindi kwenye khanga, akachovya kidole gumba, akakiweka kando ya lile neno, akakikandamiza pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akakiweka pia mwishoni mwa karatasi.